Kumdai Mtu Fedha: Vitenzi vya Kiingereza na Viandamani Vyake baina ya Makerere na Soko la Kalerwe

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya jambo dogo la sarufi ambalo limewagharimu wanafunzi wa Uganda alama za mitihani na ambalo linaweza kumgharimu mfanyabiashara mdogo fedha zake: namna kitenzi cha Kiingereza kinavyochagua nomino, kiwakilishi au kirai kihusishi cha kuandamana nacho. Kwa kuanzia na vitenzi vya deni vinavyotumika katika soko la Kalerwe jijini Kampala, makala yanaonyesha kuwa ruwaza zilizofundishwa shuleni kama kanuni za kimantiki ni mabaki ya mabadiliko ya karne nyingi, kwamba ziliorodheshwa mbali na Afrika Mashariki, na kwamba zilifundishwa Uganda bila kulinganishwa na ruwaza za Kiganda, ingawa maelezo ya Kiganda yalikuwapo. Makala yanadai kuwa kuacha ulinganisho huo ulikuwa uamuzi wa kisera, na kwamba uamuzi huo unaweza kubatilishwa wakati huu ambapo Kiswahili kinaingizwa katika shule za Uganda.

Utangulizi

Soko la Kalerwe liko kando ya barabara ya Gayaza, katika tarafa ya Kawempe, kaskazini mwa jiji la Kampala, karibu na mahali ambapo barabara hiyo inakutana na barabara ya mzunguko wa kaskazini. Matoke, nyanya, vitunguu, mihogo na kabichi hushushwa hapo kutoka kwenye malori, na kama ilivyo katika masoko ya vyakula kote Afrika Mashariki, sehemu ya bidhaa hizo huondoka kwa mkopo. Mchuuzi huchukua asubuhi na kulipa jioni, au kesho yake, au siku mambo yatakapokuwa mazuri. Biashara hiyo huendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa Kiganda. Kiingereza huingia pale ambapo jambo linahitaji karatasi: hati ya makubaliano, barua ya wakili, maelezo ya polisi, fomu ya mahakama.

Katika mpito huo kutoka maneno ya mdomo hadi karatasi ndipo inapojitokeza sentensi ambayo walimu wa Kiingereza wa Kampala wanaijua vizuri: "He demands me fifty thousand". Msemaji anamaanisha kwamba anadaiwa shilingi elfu hamsini. Msikilizaji aliyelelewa katika Kiingereza cha Uingereza atasikia kitu kingine. Kwanza atasikia kihusishi kilichokosekana, kwa kuwa kwake yeye fedha hudaiwa "from" mtu. Pili, na hili ni zito zaidi, atasikia kwamba kuna mtu anayeshurutisha wenzake kutoa fedha, bila kujulishwa kama ana haki nazo. Mwalimu hurekebisha kosa la kwanza kwa kalamu nyekundu. Kosa la pili hupita kimya, kwa sababu halionekani kwenye sentensi. Limo katika uhusiano wa lugha mbili.

Kitenzi na mahali pa mtu

Kiini cha tatizo ni mahali anapowekwa mtu katika sentensi. Katika Kiswahili, kitenzi "dai" kinampokea mdaiwa ndani ya umbo lake lenyewe, kwa kiambishi cha yambwa: ananidai, tunawadai. Kiasi cha fedha hufuata kama nomino tupu. Kiganda hufanya vivyo hivyo kwa kitenzi "okubanja": "ambanja emitwalo etaano", yaani ananidai elfu hamsini. Hakuna kihusishi, wala hakihitajiki. Mtazamo ni wa mdai. Akitaka kusema upande wa mdaiwa, msemaji hutumia kauli ya kutendwa, au husema kwamba ana "ebbanja", deni.

Mfano wa "dai" na "banja" si wa pekee. Mteja wa Kalerwe anayetaka kuuziwa husema "nguza", anayetaka kuletewa husema "ndeetera", anayetaka kusubiriwa husema "nninda", na anayetaka kusikilizwa husema "mpuliriza". Mzungumzaji wa Kiswahili atasema niuzie, niletee, nisubiri, nisikilize. Katika maneno yote manane mtu yumo ndani ya kitenzi. Pale ambapo mzizi haumpokei mtu moja kwa moja, kauli ya kutendea humfungulia mlango: leta hupata letea, na Kiganda "leeta" hupata "leetera". Kanuni ni moja, inatabirika, na mtoto huimudu kabla hajaanza shule.

Sasa mtoto huyo anafundishwa Kiingereza. Anaambiwa kuwa "give" na "sell" humpokea mtu bila kihusishi, lakini "explain" haimpokei hivyo. "Wait" hudai "for", na "listen" hudai "to", ingawa "hear", iliyo jirani yake kwa maana, haidai chochote. Mtu huulizwa swali kwa "ask" bila kihusishi, lakini akiombwa fedha kwa kitenzi hicho hicho lazima "for" iingie kati. Kiswahili humwibia mtu kitu kwa umbo moja tu. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo baina ya vitenzi viwili, "steal" kinachochukua kitu kwanza na kumweka mtu nyuma ya "from", na "rob" kinachomchukua mtu kwanza na kukiweka kitu nyuma ya "of". Mwanafunzi akiuliza sababu, jibu la kawaida la darasani ni kwamba ndivyo ilivyo. Jibu hilo, kwa kweli, si baya sana. Ubaya wake ni kwamba linaficha historia, na bila historia mwanafunzi hubaki akidhani kuwa kasoro iko kwake.

Jinsi Kiingereza kilivyofika hapo

Kiingereza cha Kale, kabla ya uvamizi wa Wanormani mwaka 1066, kilikuwa lugha ya uhusika. Nomino na kiwakilishi vilibeba miishio iliyoonyesha nani ametenda, nini kimetendwa, na nani amenufaika au ameathirika. Kitenzi cha kutoa kiliweza kuwa na mtu na kitu kwa mpangilio wowote, kwa sababu miishio ilitosha kuwatofautisha. Katika karne zilizofuata miishio hiyo ilichakaa na kupotea. Kazi yake iligawanywa baina ya mpangilio wa maneno na vihusishi, na mgawanyo huo haukufanywa kwa kikao. Kila kitenzi kilipata makazi yake kivyake.

Wakati huo huo Kiingereza kilipokea vitenzi vingi kutoka Kifaransa na Kilatini. Wanaisimu wamebaini kwamba vitenzi vya asili ya Kijerumani, kama vile "give", "tell", "lend" na "send", hukubali kwa urahisi mtu na kitu vikifuatana bila kihusishi, ilhali vingi vya asili ya Kilatini, kama vile "donate", "explain" na "demand", hukataa. Huo ni mwelekeo tu, si sheria: "pay", "promise" na "offer" vina asili ya Kilatini na bado vinakubali. Mwanafunzi wa Kawempe hana njia ya kujua ukoo wa kitenzi kwa kukitazama, na hata angejua, "pay" ingemwangusha.

Vitenzi vya deni vyenyewe vimehama. "Owe", ambacho leo ni kitenzi cha mdaiwa, kilianza kama kitenzi cha kumiliki. Asili yake ni moja na ya "own". Maana ya kuwa na kitu ilisogea hadi kuwa na kitu cha kulipa. Nacho "demand" kiliwahi kumpokea mtu bila kihusishi. Katika onyesho la mwisho la tamthilia ya Othello, Shakespeare anamfanya Iago akitumie kitenzi hicho kikifuatwa mara moja na kiwakilishi cha nafsi ya kwanza, kisha nomino ya kitu, katika maana ya kuulizwa jambo. Ruwaza ile, mtu kisha kitu, ndiyo ile ile inayokatwa kwa wino mwekundu katika madaftari ya Kampala. Hakuna anayedai kuwa mchuuzi wa Kalerwe ameirithi kutoka kwa Shakespeare. Ameipata kwa "okubanja". Lakini ushahidi huo unatosha kuondoa dhana kwamba ruwaza hiyo inapingana na tabia ya Kiingereza kwa asili yake. Kiingereza kiliitumia, kisha kikaiacha.

Tokyo, Oxford na vitabu viwili vya mwaka 1954

Kuorodheshwa kwa viandamani vya vitenzi vya Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni ni kazi iliyofanywa kwanza kwa nguvu nchini Japani. Harold Palmer, aliyekwenda huko mwaka 1922, alichapisha mwaka 1938 kitabu cha sarufi ya maneno, A Grammar of English Words, ambamo kila kitenzi kilipewa ruwaza zake. A. S. Hornby, aliyefika Japani miaka miwili baada ya Palmer na kufanya kazi naye, aliongoza utungaji wa kamusi iliyotolewa Tokyo mwaka 1942, yeye akishirikiana na E. V. Gatenby na H. Wakefield. Mwaka 1948 Oxford University Press iliitoa upya, na kuanzia hapo ikawa kamusi ya mwanafunzi iliyosambaa kote ambako Kiingereza kilifundishwa, Afrika Mashariki ikiwemo. Ndani yake vitenzi vilipangwa katika ruwaza 25 zenye namba. Mwanafunzi aliyetaka kujua kama kitenzi fulani kinakubali mtu na kitu bila kihusishi, au kitu kisha kirai kihusishi, aliangalia namba iliyo mbele ya kitenzi na kuifuatilia kwenye jedwali.

Huo ulikuwa uvumbuzi mkubwa, na hauna budi kusifiwa. Kamusi za kabla yake zilimweleza mgeni maana ya neno na kumwacha ajitafutie namna ya kulitumia. Hornby alitambua kwamba kwa mtu asiyezaliwa katika Kiingereza, kiandamani ni sehemu ya kitenzi, kama mzizi na maana yake. Alichokosa, na kwa kamusi iliyouzwa dunia nzima pengine hakuwa na njia ya kukipata, ni lugha ya mwanafunzi. Ruwaza 25 zilikuwa zile zile kwa Mjapani, Mwarabu na Mganda, ingawa kila mmoja wao anakwama mahali pake.

Mwaka 1954 Hornby alitoa mwongozo wake wa ruwaza na matumizi, Guide to Patterns and Usage in English, uliofafanua jedwali lile kwa kina. Mwaka huo huo wa 1954 ilichapishwa A Luganda Grammar, kazi ya E. O. Ashton, E. M. K. Mulira, E. G. M. Ndawula na A. N. Tucker. Ashton alikuwa tayari ameandika sarufi ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1944 na iliyotumiwa na vizazi vya wanafunzi. Kwa hiyo, katika mwaka mmoja, maelezo ya namna kitenzi cha Kiingereza kinavyochagua viandamani na maelezo ya namna kitenzi cha Kiganda kinavyojinyumbua na kuwapokea watu na vitu yalikuwa yamekwisha kuandikwa, yote kwa Kiingereza. Mwalimu aliyeviweka vitabu hivyo viwili kwenye meza moja angeweza kutabiri sehemu kubwa ya makosa ya darasa lake. Kulikuwa na kila sababu ya kuviweka pamoja. Sera ilielekea kwingine.

Makerere, Januari 1961

Mwezi Januari 1961 ulifanyika katika Chuo Kikuu cha Makerere mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Mkutano wa waandishi wa Kiafrika wa Juni 1962, uliofanyika kwenye kilima hicho hicho, umeufunika katika kumbukumbu za watu, na watafiti wa fasihi wana haki ya kuukumbuka zaidi ule wa waandishi. Kwa watunga sera ya lugha, hata hivyo, ule wa 1961 ndio ulioacha alama za kudumu. Robert Phillipson, katika kitabu chake Linguistic Imperialism cha mwaka 1992, aliyafupisha mafundisho yake katika imani tano: Kiingereza hufundishwa vizuri kwa Kiingereza peke yake, mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kadiri kinavyoanza mapema ndivyo bora, kadiri kinavyofundishwa kwa wingi ndivyo bora, na lugha nyingine zikitumiwa sana, kiwango cha Kiingereza hushuka.

Kwa suala la viandamani vya vitenzi, imani ya kwanza ndiyo iliyokuwa na madhara. Ilimaanisha kwamba "demand" ifundishwe bila kutaja "banja", "wait" bila kutaja "linda", na "steal" bila kutaja namna Mganda anavyosema kuibiwa. Mwanafunzi alipewa ruwaza kwa mazoezi ya kurudiarudia hadi aikariri. Njia hiyo inaweza kufaa pale ambapo lugha ya kwanza haina jibu lake lililo tayari. Kwa mwanafunzi wa Kiganda jibu lilikuwapo, limo mdomoni mwake tangu utotoni, na halikuondoka kwa kutotajwa. Lilingojea nje ya mlango wa darasa na kumpokea alipotoka.

Inafaa kukumbuka pia kwamba Kiingereza hicho kilikuwa cha wachache. Uchunguzi wa lugha nchini Uganda uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1960, ukachapishwa na Ladefoged, Glick na Criper mwaka 1972, ulionyesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya watano ndiye aliyeweza kuzungumza Kiingereza, ilhali waliomudu Kiswahili na waliomudu Kiganda walikuwa wengi zaidi. Kiingereza kiliendelea kuwa lugha ya mtihani. Karatasi za Cambridge zilifuatwa na za Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1967, na kisha na za Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda, lililoundwa mwaka 1983. Mamlaka zilibadilika, swali la kujaza kihusishi kinachofaa likabaki.

Makosa yanayohama

Kwamba kipimo hicho chenyewe hakitulii ni jambo ambalo wasahihishaji wachache hulikiri. Walimu wa Afrika Mashariki wamefundisha kwa miaka mingi kuwa "advocate for" ni kosa, kwa kuwa kitenzi hicho humchukua yambwa wake moja kwa moja. Leo "advocate for" huandikwa bila aibu katika ripoti za mashirika ya kimataifa, na kamusi za karibuni zinaitambua. Mmarekani hukata rufaa dhidi ya hukumu kwa "appeal" bila kihusishi. Mwingereza hutia "against". Vivyo hivyo "protest". Hakuna anayesema kuwa Wamarekani wameshindwa kujifunza Kiingereza.

Lakini "discuss about", "request for" ikiwa kitenzi, na "demand me" bado huhesabiwa kuwa dalili za elimu pungufu. Kazi za Bebwa Isingoma, Jude Ssempuuma na wengine, pamoja na mkusanyiko wa mwaka 2016 uliohaririwa na Christiane Meierkord, Isingoma na Saudah Namyalo, zimekichukulia Kiingereza cha Uganda kama aina ya lugha yenye mfumo. Kwa upande wa wasomaji wa kawaida, kamusi ya Bernard Sabiiti ya mwaka 2014 iliuweka msamiati wa Kiingereza hicho mbele ya hadhira kubwa, na ikasomwa kwa vicheko. Vicheko hivyo si vibaya. Vina hatari moja tu: vinaweza kumfanya mtunga sera aone suala zima kuwa la mzaha.

Tena mkondo hautiririki upande mmoja. Kiswahili cha ofisini nacho kimeanza kusema "kutegemea juu ya" jambo fulani, kwa kufuata kihusishi cha Kiingereza, wakati kitenzi "tegemea" hakijawahi kuhitaji msaada huo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu humwonyesha msomaji kama kitenzi ni elekezi au si elekezi na kumpa maumbo yake ya mnyambuliko. Haimwambii kihusishi gani hakifai. Wanaosikitikia Kiingereza cha Kalerwe wangefanya vyema kusikiliza taarifa za habari za lugha yao wenyewe.

Deni linapopanda ngazi za mahakama

Hadi hapa mtu anaweza kusema kwamba ni suala la alama za darasani. Mahakamani hali ni tofauti. Chini ya Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006, mashauri ya madeni na mikataba midogo husikilizwa kwanza katika ngazi ya kijiji, kwa lugha inayozungumzwa zaidi katika eneo husika. Huko Kalerwe, "ambanja" haina utata wowote: kuna deni, kuna mdai, kuna mdaiwa. Rufaa ikipanda kupita mabaraza hayo hadi kwa hakimu mkuu, lugha ya mahakama ni Kiingereza. Aidha, kanuni za madai madogo za mwaka 2011, zinazoshughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 10, zimewawezesha watu wa kawaida kufika mahakamani bila wakili, yaani bila mtu wa kuwapimia maneno. Neno "demand" ni la kawaida katika karatasi za madai za aina zote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mchuuzi wa nyanya, aliyesoma hadi kidato cha nne, anaandika maelezo yake mwenyewe: "The supplier demands me 300,000". Kwa Kiganda chake amekiri deni. Kwa Kiingereza cha hakimu hajakiri chochote. Amesema tu kwamba msambazaji anashinikiza kulipwa, na mtu anaweza kushinikiza kulipwa kitu asichostahili. Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Uganda inalo kosa la kudai mali kwa vitisho, na kitenzi kinachotumika humo ni hicho hicho "demand". Geuza mfano: msambazaji ndiye anayeandika, "I demand him 300,000". Anataka kueleza haki yake, na maneno yake yanasomeka kama maelezo ya tabia yake. Neno alilolihitaji ni "owe", lakini "owe" linataka mdaiwa awe kiima, na mawazo ya msemaji yamempanga mdai mbele.

Kiingereza hakina kitenzi cha kawaida kinachosimama mahali pa "dai" na "banja", yaani kitenzi kinachomweka mdai mbele na kueleza hali ya kuwa na haki ya kulipwa. Kina kitenzi cha mdaiwa, na kina kitenzi cha kushurutisha. Msemaji wa Kampala aliona pengo na akaliziba kwa neno lililokuwa karibu. Kisarufi alichofanya ni kumweka mtu pale ambapo lugha zake zote humweka. Kimaana amelipa neno la kigeni kazi ambayo halijaizoea. Mkalimani mzuri wa mahakama hulijua hili kwa uzoefu. Hakuna kitabu kinachomfundisha.

Kiswahili kinapoingia

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilikifanya Kiingereza lugha rasmi, na marekebisho ya mwaka 2005 yakaongeza Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitekeleza, likiwemo suala la kukifundisha shuleni kwa lazima. Safari hiyo ina historia ndefu ya kukwama: pendekezo la Gavana Gowers la mwaka 1927 lilipingwa na Kabaka Daudi Chwa na viongozi wa makanisa, na tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 likakipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa lakini pia harufu ya kambi ya jeshi. Mjadala wa umma umekuwa ukizungumzia siasa hizo, na walimu, na fedha. Kuhusu nini hasa kitafundishwa, na kwa ulinganisho gani, umezungumza kidogo.

Kwa suala la makala haya, Kiswahili kinampa mwanafunzi wa Kiganda faida kubwa ambayo haijatumiwa. Viandamani vya vitenzi vyake anavijua tayari. Ukimwambia kwamba "banja" ni "dai", hahitaji kuambiwa mtu akae wapi. Mtaala unaoanza na vitenzi vya soko, kudai, kukopesha, kuuzia, kuletea, kupunguzia, ungemfikisha kwenye mazungumzo yenye manufaa mapema kuliko ule unaoanza na orodha za ngeli. Na Kiswahili hicho hicho kingeweza kuwa daraja la kurudia Kiingereza kwa macho mengine: jedwali la safu tatu, la Kiganda, Kiswahili na Kiingereza, lingemwonyesha mwanafunzi kuwa lugha mbili zinakubaliana na moja inakwenda peke yake. Kituo cha Taifa cha Kuendeleza Mitaala kinaweza kuandaa jedwali la namna hiyo kwa gharama ndogo, na idara za lugha za Makerere zina wataalamu wa lugha zote tatu katika chuo kimoja.

Kitomeo cha "demand" katika jedwali hilo kingehitaji kusema mambo mawili tu: kwamba kitu hutangulia na mtu hufuata baada ya "from", na kwamba neno hilo halisemi kama kuna deni. Kwa deni, "owe", na mdaiwa mbele.

Upande wa Kiswahili tahadhari ni ya namna nyingine. Umbo likija bure, maana ndiyo hutega. "Okulinda" kwa Kiganda ni kusubiri. "Kulinda" kwa Kiswahili ni kukinga na hatari. Mwanafunzi wa Kalerwe atakayemwambia mwenzake "nilinde hapa sokoni" atakuwa amekipa kitenzi kiandamani chake sahihi kabisa, na sentensi yake haitakuwa na alama yoyote ya kosa. Mwalimu anayejua Kiganda atatabasamu na kumrekebisha papo hapo. Asiyekijua atamwuliza nani anamtishia.